Kibaba Kikishajaa

Methali inaishia kwenye kujaa.
Haba na haba, sawa, kibaba kimejaa.
Hatukuambiwa
haba ya ziada huenda wapi.

Mama aliuza maji Kayole, mtungi shilingi tano,
mpira mdomoni mwa mtungi, jicho kwenye foleni.
Siku alipogeuka kumkemea Nyaboke
maji yalipanda shingo, yakavuka,
yakapenya kibandani kwa jirani muuza mkaa
na kulowesha daftari lake la madeni.
Majina yakafutika.
Maji hayakuwa na nia yoyote.
Yalitafuta tu pa kwenda.

Sasa ni saa nane usiku, Upper Hill, ghorofa ya tisa,
nasoma msimbo niliouandika mwenyewe
miaka saba iliyopita, kwa haraka ya Ijumaa:
programu ya kugawa mamlaka.
Nani aguse mishahara, nani asome tu,
nani, kwa dakika tano, awe mkuu wa mashine nzima.
Kila mwombaji nilimtengea nafasi
ya herufi mia mbili hamsini na sita,
nikahesabu vibaya kwa moja.

Lemayian, mwanafunzi wa Rongai,
ametuandikia barua pepe yenye adabu kuliko aibu yangu.
Hakuvunja mlango. Aliandika jina refu.
Herufi ya mwisho ikakosa kiti,
ikaingia chumba cha pili,
mle mashine inamoweka jibu la swali:
je, huyu anaruhusiwa?
Sifuri ni hapana.
Kisicho sifuri, hata kiwe takataka,
ni ndiyo.

Nashuka kuvuta hewa.
Langoni Ekidor ana kitabu cha wageni,
safu zake kachora kwa kalamu nyekundu:
Jina. Kitambulisho. Aliyekuruhusu.
"Juzi kuna mmoja, jina lake lilivuka mstari
likaangukia pale pa meneja.
Mwenzangu wa jioni akadhani ni sahihi,
akamwitia lifti."
Anacheka. Mimi sicheki.
"Ukafanyaje?"
"Nikanunua rula."

Narudi juu. Rula yangu ni alama moja:
nilipoandika *pungufu au sawa*
nafuta *au sawa*.
Pigo moja la kidole.

Kisha simu. Hospitali moja, sacco mbili,
chuo ambacho hakikumbuki kama kiliwahi kuinunua.
Kulipopambazuka walikuwa wamepokea wanne.

Wote wananiuliza swali moja: nani aliingia?
Nafungua kumbukumbu za mashine, ukurasa kwa ukurasa.
Zinasema kila mmoja aliingia kwa ruhusa.

Daftari lile lilianikwa juani siku mbili,
likakauka, jeupe, limejikunja pembe.
Muuza mkaa akapita nalo mlango kwa mlango
akiuliza ni nani alikuwa na deni.