Udongo wa Kichuguu

Ngazi ni kumi na moja. Nimezihesabu tangu Machi,
kila Jumanne, kupanda na bahasha, kushuka na bahasha.
Ya nne imelika katikati kama jiwe la kusagia:
hapo ndipo miguu ya watu husita.

Babu yangu Kilufya hakuwahi kuingia kwa lango hili.
Yeye aliingia kwa ukuta.
Alifyatua matofali kando ya Kafubu,
akivunja vichuguu virefu kuliko nyumba,
kwani udongo wa mchwa, alisema, umeshatafunwa,
haupasuki motoni.
Matofali elfu kwa siku,
na kibao cha kuhesabia kikashikwa na mwingine.

Mzungu mchora ramani alitaka nguzo kama za kwao,
ambako nako waliziazima kwingine.
Zikasimama nane, zikapakwa chokaa
ili tofali lisijulikane kuwa tofali.
Akataka mizani ya saruji juu ya lango.
Sahani moja ilidondoka mwaka wa mvua kubwa;
hakuna aliyeirudisha.

Ndani alikuwa mwerevu zaidi.
Sakafu inashuka vidato viwili mbele ya meza ya hakimu,
hata mrefu awe mfupi anapoulizwa jina.
Madirisha yako juu, si ya kutazamia nje:
mwanga humwangukia aliyesimama,
aliyekaa hubaki kivulini.
Upande wa kaskazini kuna mlango uliozibwa,
rangi yake changa kuliko ya ukuta.
Ulikuwa wa kwetu. Ulizibwa walipoondoka,
na bado foleni huanzia pale, kwa mazoea.

Mama Tshibola, karani, havui sweta hata Oktoba.
"Faili lako limepatikana," ananiambia leo,
akiliweka mezani kama mtoto aliyelala.
Jalada zima. Muhuri mzima. Nalifungua:
kesi haimo. Mna vumbi na vijia vyembamba,
barabara za mji mdogo uliojengwa
kati ya kiapo cha baba yangu
na vipimo vya kiwanja chetu cha Katuba,
mita ishirini kwa thelathini.

Mchwa.

"Wanatoka ukutani," anasema. "Tunapuliza dawa, wanarudi."
Nami, Mungu anisamehe, nikacheka mle ndani,
polisi akageuka, avoka mmoja akashusha miwani.
Kwani warudi wapi? Hii ni nyumba yao
iliyovunjwa, ikachomwa, ikapewa nguzo.
Mdai wa kwanza wa jengo hili
hakuwahi kuitwa shaurini.
Hana wakili, hana bahasha. Ana meno.

Hakimu ameahirisha hadi Jumanne.

Nje jakaranda zimemwaga maua juu ya pikipiki,
na kule mbali mlima mweusi wa masalia ya shaba
umekaa na bomba lake lisilotoa moshi.
Nimezunguka nyuma, chokaa ilikobanduka,
nikaona tofali lenye alama ya kidole:
mtu aliligusa kabla halijakauka.
Siwezi kuapa ni cha Babu. Walikuwa wengi.
Nikatia kidole gumba changu mle.
Hakikuingia. Shimo ni dogo, la mtoto.

Babu alisema alianza kazi akiwa mtu mzima.
Sijui nani alimhesabia miaka.