Rafu za Bwana Tuinstra

Mara ya kwanza aliniita kwa ajili ya mlango
uliokataa kufungika. Nikapima kwa timazi:
nyumba ilikuwa imeinamia mfereji upana wa vidole viwili.
Mlango haukuwa na kosa.
"Ni vitabu," nikamwambia. "Nguzo zilizo chini ya Haarlem
ni misonobari iliyopigiliwa topeni ibebe watu na viti,
si haya."
Akachekea puani. "Hata mimi sikujua
kwamba ujamaa una uzito wa kilo mia tisa."

Mchana alikuwa mchumi wa benki.
Treni ya saa moja na dakika kumi na mbili, kofia, mwavuli,
Amsterdam, kuwaambia wenye fedha
kama riba itapanda.
Usiku, akishavua viatu, aliketi na marehemu:
wachapaji wa Lyon, wafumaji wa Silesia,
mwokaji wa Ghent aliyeuza mkate kwa bei ya unga
hadi akaishiwa na unga,
watu walioapa kuishi nyumba moja, chungu kimoja,
wakafarakana juu ya zamu ya kusugua chungu.
Ugomvi huo aliuandikia kurasa arobaini.
Kiapo, kurasa sita.

Niliwahi kumuuliza, misumari mdomoni:
wewe ni wa kwao, au wa benki?
Alinishikia ubao upande wa pili
mpaka nikamaliza kugongomea.

Juzuu ya kwanza: rafu mbili za mwaloni.
Ya pili: cherehani ya mkewe, Hiltje, ikahamia jikoni.
Ya tatu tulitia boriti ya chuma chini ya sakafu,
na bado gololi ya mtoto wa jirani
ilibingirika yenyewe toka jikoni hadi dirishani.
"Waume wa wenzangu hulewa," Hiltje alisema,
akinimiminia kahawa. "Wangu hunukuu."

Kisha mwaka ule wa masanduku ya viatu,
kadi elfu kumi na moja, niyatengenezee droo.
Moja likapasuka. Nikaokota, nikapanga,
na mkono ukasimama.
Groningen, viwanda vya kadibodi, mgomo.
*Harm Oosting, mpika majani ya ngano.
Alirejea kazini wiki ya tisa.*

Baba yangu.

Sikuwa nimelisoma jina lake popote
ila kwenye jiwe, nalo lina ukungu.
"Ya kumi," nikasema.
Bwana Tuinstra akageuka. "Samahani?"
"Wiki ya kumi. Wiki ya tisa tulimzika Grietje.
Wiki ya kumi ndipo alipokwenda, kwa njia ya nyuma, alfajiri,
na tangu hapo hakuna aliyekaa naye benchi moja kanisani."

Hakunipa pole. Alichonga penseli.
Akauliza Grietje alikuwa na umri gani,
makaa yaliuzwaje, nani alileta supu na nani aliacha kuileta.
Nilijibu mpaka taa za mfereji zikawashwa.
Kwa saa zile hakunilipa, wala sikumdai.

Juzuu ya nne ndiyo pekee niliyoifungua.
Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, tanbihi,
herufi ndogo kama mbegu za haradali:
*Wiki ya kumi, si ya tisa. Kwa kauli ya mwanawe.*
Jina langu hakuliweka. Nilimsamehe;
ankara ya zile droo nami nilikuwa nimeinenepesha.

Ya tano ilibaki mezani, imekatika katikati ya sentensi,
baada ya neno "lakini".
Watu wa maktaba walikuja na mkokoteni,
safari kumi na tisa, mvua ya manyunyu,
Hiltje akihesabu kwa vidole kizingitini.
Cherehani ilirudi mahali pake.

Nilidhani nyumba itainuka. Haikuinuka.
Niliweka timazi tena: vidole viwili, vilevile.
Na ule mlango, nilioukwangua miaka ile ufuate mteremko,
bado unafungika kwa kidole kimoja,
maadamu hakuna atakayekuja kuinyoosha sakafu.