Makabidhiano ya Kibanda, Bondeni

Gudila, kufuli hili halitaki nguvu.
Liinue kidogo, kama unavyomwinua mtoto kidevu,
ndipo ugeuze.

Ning'iniza makava yako ya simu popote,
ila rafu ya kushoto niachie mpaka Jumamosi.
Mwanangu anakuja na pikapu kutoka Himo.
Mpaka hapo, mteja akiuliza, usimdanganye.

Zenye karatasi ya buluu ni bluzi.
Wino wa buluu ndio uliokuwapo
mwaka ule wa kukosa kila kitu, sabuni hadi betri.
Bluzi ina baa kumi na mbili. Nilimwambia hivyo mke wangu,
akahesabu kwa vidole: Majengo tatu, Njoro nne…
"Na zote umeshazifikia?"
Baa ni kipande, mama watoto: mapigo manne,
unafunga, unaanza kingine.
Ingawa baa nalo ni janga,
na wale wa Delta, kwenye pamba ya mwenye shamba,
walihesabu mabaa zaidi ya kumi na mawili.

Mstari unasemwa. Unarudiwa,
maana mara ya kwanza hakuna aliyesikiliza.
Wa tatu ndio unaojibu:

    Chama kimepima kahawa, hela watatoa kesho,
    nasema kimepima kahawa, eti hela watatoa kesho,
    kesho imeshazaa wajukuu, nina stakabadhi na jasho.

Roki ni hiyohiyo, imepewa umeme,
ikabadilishiwa sura, ndipo ikauzika.

Nyekundu: gospeli juu, soli chini yake.
Sauti ni moja. Ilitoka kanisani Jumapili mchana,
ikavua joho, na pale palipokuwa na Bwana
pakakaa bwana mwingine.
Mchungaji wetu alinunua zote mbili,
soli akaifunga ndani ya gazeti.

Kantri ni za wazee wa Kibosho na Marangu.
Watu wa mlimani huelewana na watu wa milimani:
ng'ombe, mama, mvua, mke aliyeondoka na gari.
Na lile banjo wengi hulidhani la wazungu;
babu zake walikuwa vibuyu na ngozi,
wakavuka bahari ndani ya vichwa vya watu
waliofungwa mikono.

Jazi sikuipangia rangi. Kwetu neno hilo
liliandikwa kwenye ngoma ya kila bendi,
hata iliyopiga rumba. Kule wanakubaliana wimbo,
halafu kila mmoja anauacha na kuurudia kwa njia yake,
kama watoto waliotumwa dukani.

Kipande kinachokunasa huku unamenya ndizi, hicho ndoano.
Daraja ni pale wimbo unapochoka na nyumbani,
unavuka, unaangaza, unarudi. Kama sisi na Karanga.

Kanda moja haina karatasi.
Ni kiwanda cha kukoboa. Nilificha redio ndani ya kikapu.
Wanawake wanachambua kahawa, mbovu huku, nzima huku,
mmoja anaanzisha, wengine wanaitika,
vidole ndiyo ngoma.
Anayeanzisha ni mama yangu, Apaikunda.
Mashine iliila; niliiunga kwa rangi ya kucha,
kwa hiyo katikati anaruka neno.
Miaka arobaini, sijui lilikuwa neno gani.

Hemedi wa Pasua alikuja na kompyuta yenye kioo kilichopasuka,
akakata sekunde nne, akazirudia, akazirudia,
juu yake akasema mbiombio habari za mkopo wa bodaboda.
Anaiita sampuli. Bronx nao walianza hivyo:
santuri mbili, na pale waimbaji waliponyamaza
ngoma ikaachwa izunguke peke yake.
Alichagua palipoungwa. Mama anaruka palepale, kila mara,
na vijana wanacheza kwenye lile pengo.

Nilidai malipo. Alileta mkungu wa kisukari
ambao haukuiva, ulinyauka tu.

Hiyo kanda usimpe mwanangu.
Iweke kwenye droo ya chaja.
Panya wanapita hapa, nyuma ya feni.