Nyumba ya Katikati

Zipange nyumba zote za kaunti kwa foleni,
tajiri mbele, fukara mkiani:
itakayoangukia katikati, hiyo ndiyo jibu.
Ndivyo Darlene Hruska alivyofunzwa.

Ila kaunti hii ya Nebraska
ina kaya mia tatu na ushei,
na fomu zilizorudi ni kumi na tisa,
moja ina doa la kahawa penye tarakimu.
Basi anaazima: kodi za mwaka juzi,
kaunti jirani, mwelekeo wa miaka kumi,
na ubavuni mwa namba anaandika
*zaidi au pungufu, dola elfu tisa.*
Elfu tisa!
Hapa hiyo ni trekta kuukuu na meno ya bibi.

Mwaka huu mstari umepanda.
Mkubwa wake anapiga simu: hongera.

Darlene anakumbuka Machi, kiwanda cha nyama kikifungwa,
akina Vang wakikaza kamba
magodoro juu ya gari.
Hakuna aliyeongezwa hata senti.
Foleni imekatika mkia,
katikati pakasogea.

Anaandika tanbihi kwa herufi ndogo.
Anaifuta.
Anaiandika tena.