Gofu Tupu

Vikopo vya mtindi, kumi na viwili,
nimevifukia hadi midomoni
katika vumbi la palipokuwa msana,
gofu la Mkomani ambalo paa lake
lilianguka kabla mama hajavunja ungo.

Naamka kabla ya adhana.
Jua likinitangulia
nakuta maiti, si viumbe.
Kikopo cha kwanza: nyenje wawili, mmoja hana mguu.
Cha tatu: jongoo, amejikunja
kama pete iliyovuliwa kwa hasira.
Cha saba: mchanga.
Cha nane: tandu, na masalio ya waliolala naye.

Naandika kwa penseli, wino hauwezi umande.
Kisha napindua kikopo polepole,
kila mmoja aende kwao.
Wachache, wale nisiowajua jina,
huondoka nami katika chupa za jamu
wakakae kwenye zidaka
alizopangia bibi sahani zake za kaure.
Mama hapiti hapo siku hizi
ila kwa astaghafiru.

Jirani, Bi Mwanashee, alinishika njiani.
"Na umri wote huo, wafuga wadudu?"
Sifugi, nikamwambia. Nahesabu.
"Hesabu ya nini?"
Nikatazama pindo la vazi lake.
Buibui peke yake nimepata namna tisa.
Alicheka hadi akashika ukuta,
na ukuta ukammwagia chokaa begani.
"Basi andika," akasema, "mimi wa kumi."

Jumatano usiku mpwa wangu Shee
alikuja na taa ya kukagulia noti bandia,
kaiazima kwa Bwanaheri wa kubadilisha fedha.
Amesikia kwamba nge huwaka.
Tukazima tochi. Akabonyeza.

Ukuta ule ule nilioandika wiki tatu
"hakuna kitu",
ukachomoza vidole vya kijani.
Mmoja katika ufa, mmoja chini ya boriti iliyooza,
na mmoja, shibiri moja na goti langu,
anang'aa mwili mzima isipokuwa mgongo.
Mgongoni pana giza linalotikisika:
watoto,
bado hawajajifunza kuwaka.

Shee alisahau kupumua.
Halafu akanong'ona:
"Shangazi, utaandika mmoja, au wangapi?"

Kesho yake akaja mtu wa futikamba,
katumwa na mnunuzi.
Akapima ukuta kwa ukuta,
akakikanyaga kikopo cha tano bila kukiona.
Nilichungulia karatasi yake:
Vyumba vitatu. Kisima kimoja, kikavu.
Wakazi: hakuna.

Sikubishana naye.
Nilifungua daftari ukurasa wa kwanza
nikamsomea, jina kwa jina, idadi kwa idadi,
kama kadhi asomaye warithi.
Alivumilia hadi ukurasa wa nne,
akatazama viatu vyake,
akaenda kumalizia kazi akiwa nje.

Watajenga. Najua.
Chokaa mpya itaziba kila ufa
na wageni watasifu ukuta ulivyo laini.

Leo nimefukia tena.
Mstari wa Jumatano bado uko wazi:
niliandika moja, nikafuta,
penseli imeacha kivuli.
Kikopo cha tano kimebonyea ubavu.
Ndani yake asubuhi hii
alikuwamo sisimizi mmoja tu,
anahangaika kupandisha ukingoni
bawa la kitu
ambacho bado sijakutana nacho.