Hesabu ya Kinachobaki

Siku ya ishirini na nane niliwatoa kwa mama yao,
tisa; wa kumi alilaliwa usiku ule wa upepo.
Jike aligonga mlango wa banda hadi kukacha,
chuchu zimejaa, hana wa kumpa.
Nikamwambia: hata ndani kwangu kuna kilio.
Wiki hiyohiyo binti yangu Loi alipaka ziwa pilipili,
na mjukuu wangu Sechelela akaonja,
akatutazama sote kama wezi.

Neno ni moja kwa wote, kuachishwa,
na halisemi unaachishwa ili upewe nini.

Niliwapa nilichokuwa nacho.
Hapa Hombolo alizeti ikishakamuliwa
mashudu yake hayagombani na mfuko wangu.
Mashudu, pumba, chumvi kidogo,
maji ya kununua kwa dumu.
Walikula. Ningeapa kanisani kwamba walikula,
hori lililambwa likang'aa,
na bado migongo ilichongoka,
mikia ikalowa, wakahara maji.

Ndipo alipokuja Ndahani, kijana wa mifugo,
na mizani kwenye begi la shule,
akaniomba kitu ambacho mgeni hajawahi kuniomba:
mavi.
"Yote, mama, ya siku tano. Usipoteze hata punje."

Tukawagawa. Wanne kushoto, kwa mashudu yao;
watano kulia, kwa dagaa waliotwangwa
na soya niliyoikaanga mwenyewe,
maana soya mbichi, alisema, ina kufuli ndani yake,
sharti ione moto hadi inukie kama karanga za stendi.
Tukaokota kwa kijiko. Tukaanika juu ya bati.
Jirani akauliza tunauza nini.

Akapima kilichoingia, akapima kilichotoka,
akafunga vifurushi vya kupeleka maabara Mpwapwa.
"Ukitoa hiki kwenye kile," akasema,
"kinachobaki ndicho nguruwe wako.
Kingine chote kilikuwa kinapita njia."

Usiku sikulala vizuri. Nilifikiri matumbo,
yale madogo yaliyozoea maziwa tu,
yana milango mingapi, na mingapi haijafunguka.
Makapi ya alizeti yanabisha, yanabisha,
yanachoka, yanatokea uani.
Dagaa huingia kama mtoto wa nyumba.

Majibu yalikawia. Mizabibu haikungoja.
Maji ya banda la kushoto huteremkia mstari wangu wa kwanza,
na mstari huo ukawa mweusi kwa ukijani,
majani mapana, matawi marefu ya kiburi,
vichala viwili vitatu vimejificha humo kwa aibu.
Nikasimama na jembe, nikakisoma:
ile protini niliyodhani nimewalisha
ilikuwa hapa, imevaa majani.

Kulia, watano wale walikuwa wameshaanza kuruka hori.

Basi nikanunua dagaa tena, nusu gunia, kwa deni.
Na mchana mmoja, jua la kupasua kichwa,
nikamkuta Sechelela amekaa ndani ya gunia,
mashavu yamejaa vichwa vya dagaa,
na mchanga wao, na magamba yao,
anatafuna huku amefumba macho.

Nikahesabu siku. Ugali na mlenda, ugali na mlenda,
tangu ile pilipili.
Naye hula. Ningeapa kanisani kwamba hula.
Nani aliwahi kumpima kilichoingia?
Nani aliwahi kutoa hiki kwenye kile?

Sikumpiga. Nilimpangusa mdomo,
nikachagua waliokuwa wazima, nikawaosha mara tatu,
nikawatwanga kwenye kinu cha watu.

Jioni Ndahani alipima gunia, akakunja uso,
akapima tena.
"Mama Loi, daftari langu halikubali.
Gramu mia nne hazipo horini, hazipo kwenye mavi."

Kutoka jikoni Sechelela alikuwa anagonga sahani kwa kijiko,
anataka nyingine.

"Andika," nikamwambia, "zimemeng'enywa."