Maoni ya Mtunza Makoti

Theluji siijui kwa macho, naijua kwa uzito:
koti la Januari ni mara mbili ya koti la Oktoba,
na bega langu la kulia halijawahi kudanganya.
Watabiri wa hewa wangeniuliza mimi.

Nipo ghorofa ya chini, jumba la maonyesho, Kaunas,
nyuma ya kaunta, mbele ya kulabu mia tatu na kumi.
Kulabu ya arubaini na nne imelegea tangu mwaka juzi.
Niliandika barua. Wakaunda kamati.
Kamati ikanunua viti vya kamati.

Redio inasema siagi imepanda tena.
Mchumi mmoja, sauti laini kama siagi yenyewe,
anaeleza kwamba kwa wastani tumetajirika.
Wastani! Dada yangu Aldutė anakula viazi,
jirani yake ana mashua uani, juu ya matairi,
ziwa haijawahi kulionja.
Wajumlishe, ugawe kwa mbili:
kila mtu ana nusu mashua.
Nusu mashua huzama, bwana mchumi.

Sasa wanaleta makabati ya kujifunga yenyewe,
unagusa kwa simu, mlango unaitika.
Kijana Ignas wa ofisini aliniambia kwa upole,
upole ule wa mtu anayekupokonya kiti
huku akiusifu mgongo wako.
Mimi si adui wa mashine.
Mashine ya kufulia naiombea umri mrefu.
Ila kabati litamshona nani kifungo?
Litamnong'oneza nani kwamba amekuja na koti la mkewe?

Tamthilia nazijua kwa masikio, kupitia ukutani,
miaka thelathini na moja.
Huyu mwongozaji mpya, Skirmantas, kamweka mfalme ndani ya friji.
Sina neno; wafalme wamewekwa pabaya zaidi.
Lakini kwa nini apige kelele saa mbili nzima?
Debe tupu, hata ulivishe taji, ni debe.

Mchezo mbaya nautambua watu wakija kuchukua makoti.
"Taa zilikuwa nzuri," wanasema.
Ukisikia taa zimesifiwa, ujue maiti imeshaoshwa.
Mchezo mzuri, hawasemi kitu.
Wanatia mkono kwenye mkono usio wake.

Vijana wawili wameomba kulabu moja kwa makoti mawili.
Mapenzi au ubahili, sikuuliza.
Kulabu ni senti hamsini.

Na kile kijitabu kilicholetwa majumbani, mmekisoma?
Maji, tochi, betri, samaki wa kopo.
Aldutė kacheka, kisha kanunua betri.
Mama yetu alikuwa akiweka viatu vya baridi kando ya mlango,
jozi tano, vidole vikielekea nje,
hata Julai.
Hakusema kwa nini.
Sisi hatukuuliza; tulijifunza kuviruka.
Jana usiku nimejikuta nimeinama barazani,
navipanga vyangu.

Haya. Tulikuwa kwenye siagi.

Saa nne na nusu. Limebaki koti moja, mia na kumi na saba,
la sufu, kola imelika, mfukoni kitu kizito
(sipekui, napima tu).
Nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Mlinzi anatikisa funguo. Namwambia atikise taratibu.

Mlango unasukumwa: mzee, theluji mabegani,
shati tupu, tiketi ameishika kama mshumaa.
Alikuwa amefika hadi darajani, anasema, ndipo akahisi baridi.
Nangoja aseme habari za taa.
Hasemi.
Mkono wa kulia unaingia mkono wa kushoto, unakwama,
nami namgeuzia koti bila neno.

Kwa hiyo huenda yule mfalme wa friji nimemkosea.
Kidogo.
Kelele bado nyingi.

Kesho asubuhi ni mchezo wa watoto:
glavu, glavu, glavu,
na hakuna hata moja yenye mwenzake.